Nilivyozithamini Pikipiki za Mzee Mutiso

Jumamosi, Noonkopir, hapa Kitengela. Vumbi tangu asubuhi, na mawingu yamekaa upande wa Ngong bila nia yoyote ya kunyesha. Nimefua nguo ambazo hata hazikuwa chafu. Sina raha.

Kazi yangu ni kuthamini magari na pikipiki kwa ajili ya bima. Kwa kawaida ni matatu zilizogongwa na magari ya Probox yaliyochoka. Ndiyo maana nilifurahi kama mtoto mapema mwaka huu, nilipotumwa Kajiado kwa Mzee Mutiso, fundi mstaafu, kuangalia pikipiki zake mbili za Kiingereza, za zamani kuliko mama yangu. Matangi ya mafuta yalikuwa yale yale ya asili. Nambari za injini zililingana na za fremu, jambo ambalo huku ni nadra. Aliziwasha mbele yangu, na zote mbili ziliitika mara moja. Niliandika ripoti nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Jumapili iliyopita ziliibwa zote mbili, Mzee na mkewe wakiwa kanisani.

Jana nilirudi kwake kuthibitisha thamani, maana kampuni hailipi mpaka mtu aseme kilichopotea kilikuwa cha hali gani. Kuthamini kitu ambacho hakipo ni kazi ya ajabu. Unatazama matone ya mafuta sakafuni, unapitia picha, unauliza kila kipuri kilitoka wapi. Mzee alijibu yote kwa upole, ameshika kitambaa alichokuwa akizipangusia. Mwishowe akasema, "Madam, wewe ndio uliziona vizuri. Andika tu vile uliziona."

Nikafungua ripoti yangu kwenye simu ili ninakili hali ya injini. Hapo ndipo nilipokutana na sehemu ya usalama.

Kampuni huhitaji mistari miwili tu. Mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nimeandika aya nzima: stoo ya mabati nyuma ya nyumba, kufuli moja dogo, mbwa mzee asiyesikia vizuri, na kwamba Jumapili kuanzia saa tatu hadi saa saba hapabaki mtu.

Wezi walifika saa nne. Walikata kufuli, wakachukua walichofuata, na hawakugusa hata kuku.

Sikumwambia Mzee. Nilikunywa chai yake, nikamshukuru mkewe, nikaondoka. Naona aibu hata kuliandika hili.

Ripoti ile niliituma kwa mtu mmoja tu, wakala wa bima aliyenipa kazi. Jina lake silitaji. Leo saa sita ameniandikia kwamba kuna mkulima wa vitunguu kule Kimana mwenye pikipiki ya zamani, niende Jumatatu. Akaweka namba ya mkulima, kisha akaongeza: "Na hiyo part ya usalama uiandike mrefu kama ile ya Mutiso. Niliipenda sana."

Labda ni pongezi tu. Nimejiambia hivyo mchana kutwa, nikifua zile nguo safi.

Saa kumi nilimpigia mkulima. Nilimwambia Jumatatu sitakwenda, ahamishe pikipiki yake leo hii, na asimwambie yeyote anakoipeleka. Akauliza nimejuaje. Nikamweleza yote, mpaka habari za yule mbwa. Ndiyo mara ya kwanza nimeyatamka kwa mdomo wangu.

Akauliza, "Sasa hao wengine uliandikia, wanajua?"

Sikuwa nimewafikiria. Nilikuwa najionea huruma tu.

Nimefungua ripoti zote zilizopitia kwa wakala yule. Daktari wa mifugo wa Loitokitok. Mama mjane wa hapa hapa Kitengela, mwenye pikipiki ya marehemu mumewe. Kila mmoja nilikuwa nimemwandikia aya yake, ndefu na safi: funguo hukaa wapi, nani hulala nyumbani, ni saa ngapi pana utulivu. Wote wamebaki na amani kwa sababu waliniamini.

Asubuhi nitakwenda polisi, hata kama leseni yangu itaishia hapo.

Wakala ameandika tena sasa hivi: "Madam, mbona umenyamaza? Niko karibu na kwenu."

Nimefunga mlango, nimempigia mama mjane, na simu inaita.