Kamba Niliyokufunga Mguuni

Baba Anjela,

Zamani barua zetu zilianza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo hayo nayaacha. Hofu juu yako ilikwisha siku nyingi, imebaki hamu tu. Na afya yenyewe ni hivyo hivyo, magoti yanauma kila mvua ikikaribia. Nimekaa barazani hapa Nangara, wajukuu wako wamekwenda shule, nyumba imetulia, nikaona nikuandikie habari ya ile kamba. Mama yako alisema ndiyo iliyokuua. Alisema mbele ya watu, na wewe hukuwepo kunitetea.

Unakumbuka mlango? Utausahauje. Tulitaka kuhama kwenye tembe tuingie nyumba ya matofali, fundi akatengeneza mlango kabla ya nyumba, kwa sababu mbao zilipatikana na vingine vyote havikupatikana. Saruji hakuna, misumari hakuna, bati lilikuwa hadithi ya kusimuliana. Bawaba ulizifuata mpaka Arusha, ukarudi na vumbi la basi kichwani, mikono mitupu. Kuta zikaishia kiunoni, mvua ikaanza kuzila, na mlango wetu ukabaki umeegemea ukuta wa tembe, umepigwa randa vizuri, hauna pa kufunga wala pa kufungua. Waliopita njiani walituuliza tunamsubiri mgeni gani.

Siku hizo kila kitu kilikuwa cha foleni. Sabuni ikija duka la ushirika, anayepata ni yule aliyelala macho. Nilifua kwa majani ya mpapai, na khanga yangu ya kwendea kanisani ilikuwa na viraka mpaka Anjela akawa ananiuliza rangi yake ya kwanza ilikuwa ipi. Mahindi tulivuna kidogo, mboga tulipata, lakini kitoweo kilikuwa ndoto. Ndipo ukaanza kulitazama ziwa. Wewe! Mtu wa milimani Mbulu, mkulima mtoto wa mkulima. Kwetu sisi maji ni ya kunywa na kunywesha ng'ombe, basi. Kuogelea hukujua, mtumbwi hukuwa nao.

Asubuhi moja nikaamka, mlango haupo. Nikafikiri tumeibiwa. Nikaambiwa na majirani, huku wakijizuia kucheka, kwamba mlango wangu uko ziwani na mume wangu amelala juu yake. Nikaenda mbio nimemshika Anjela mkono. Kweli nikakukuta umelala kifudifudi, umefunga mafungu ya matete chini ya mlango ili uelee, unapiga maji kwa viganja, na ndoana ulizochonga kwa spoki za baiskeli zimening'inia pembeni. Nikakupigia kelele utoke. Ukatoka, ukaniletea perege watatu wamefungwa kwenye jani, na hasira yangu ikaishia pale pale. Jioni ile tulikula mpaka Anjela akalala na samaki mkononi.

Lakini kitoweo nakifahamu, mtu akiwa na njaa atafanya lolote. Kilichonishangaza ni zile Jumapili. Tukitoka misa, upepo wa mchana ukishaanza kulisukuma ziwa, ulikuwa unauvuta mlango mpaka ndani, unageuka, unasubiri wimbi, kisha unasimama. Baba mzima, mwenye mke na mtoto, umekunja magoti, mikono umeitanua, shati limejaa upepo, unaletwa na wimbi mpaka kwenye majani ya ukingo wa ziwa. Hakuna aliyekufundisha. Watu walikusanyika kutazama, hata wale waliokuona umechanganyikiwa. Mimi nilikuwa naona aibu na raha kwa pamoja, nikawa nafunika mdomo kwa khanga ili wasijue nacheka. Mwaka ule hapakuwa na vitu vingi vya kumfanya mtu acheke.

Kisha ile siku ukaanguka, na upepo ukauchukua mlango. Nilikuona kichwa kinatoka, kinazama, kinatoka tena, na mlango unakwenda zake kama vile haukujui. Ulijikokota kwa kushika tete moja baada ya jingine mpaka nchi kavu, ukatapika maji, halafu ukacheka. Mimi sikucheka. Nilikuambia kama unataka kuendelea na huo wazimu, basi mlango huo usikuache tena.

Ndipo nikaanza kusokota. Mkonge ulikuwa umejaa kwenye mipaka ya mashamba, nikaukata, nikauponda, nikauosha, nikausokota pajani mpaka paja likawa jekundu. Kamba ya kwanza nilikosea. Nilipima kwa macho ya mtu wa ng'ombe, urefu wa kamba ya ndama anayezuiwa asimfikie mama yake wakati wa kukamua. Jumapili ukaanguka, mlango ukavutwa na ile kamba fupi, ukarudi na kukupiga juu ya jicho. Ulirudi nyumbani na nyusi imepasuka, ukaniambia ng'ombe wako ameumia. Ya pili nikaifanya ndefu kuliko mlango wenyewe, na katikati nikaunga kipande cha tyubu ya baiskeli ili ikivutwa ikubali kidogo. Sehemu ya mguuni nikaizungushia kitambaa cha khanga isikuchubue. Fundo nikalifunga la kuachia. Nikakuonyesha: ukivuta mkia huu, linafunguka. Ulilifungua na kulifunga mara nyingi mbele yangu mpaka nikaridhika.

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Ukitaka kwenda ziwani unakaa kwenye kigoda, unanyoosha mguu, mimi napiga magoti nakufunga. Ungeweza kujifunga mwenyewe, tena hukohuko ziwani, usiburute kamba njia nzima. Ulikataa. Ulipita nayo umeizungusha begani, ncha moja iko mguuni, na watu wa Nangara wakakuita ng'ombe wa Mama Anjela. Hukujali hata kidogo.

"Kaza vizuri," ulikuwa unaniambia. "Nisije nikatoroka bure."

Nilipenda sana dakika zile, Baba Anjela. Sikuwahi kukuambia. Nyayo zako zilikuwa zimepasuka kwa kukosa viatu, na kifundo cha mguu kilikuwa na alama nyeupe pale kamba ilipokaa. Nikishakufunga ulikuwa unanigusa kichwani kidogo, halafu huyo unakwenda.

Siku yenyewe haikuwa Jumapili. Ulikwenda kutega ndoana, siku ya kawaida, upepo wa kawaida. Mzee mmoja alikuwa ananywesha ng'ombe wake, yeye ndiye aliyeona kiboko akiibuka karibu na wewe. Alisema kiboko hakukuuma. Aliinuka tu, mlango ukapinduka, na wewe ukaenda chini yake. Mzee akakimbia kutafuta watu. Tulipofika, maji yalikuwa yametulia, hakuna kiboko, hakuna mlango, hakuna wewe. Waliokuwa na mitumbwi wakazunguka. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tope, nashikwa na wanawake wawili.

Kabla jua halijazama upepo ulikuwa umeuleta mlango kwenye matete. Umepinduka, mafungu yamelegea, na kamba imekazika, inaingia chini ya maji. Boay mdogo wako akaingia mpaka kifuani, akaishika kamba, akaivuta taratibu huku analia kwa sauti. Ukaja.

Fundo lilikuwa limefungwa vile vile nilivyolifunga asubuhi. Mkia wake haukuvutwa. Mganga wa zahanati alisema kichwani kuna pigo, huenda hukujua lolote baada ya lile pigo. Alisema huenda.

Mama yako hakuitaka hiyo huenda. Siku ya mazishi, watu wamejaa uwanjani, wengine wameketi juu ya matofali ya nyumba yetu ambayo haikuisha, akasimama akaninyooshea kidole.

"Umemfunga mwanangu kama ndama," alisema. "Asingefungwa angetambaa kwenye matete kama mara ile."

Hata mimi nilikuwa nimeshajiuliza hilo kabla yake. Wanawake wengine waliinamisha vichwa, na nikajua wapo wanaokubaliana naye. Kuanzia siku hiyo hakula tena chakula cha mkono wangu. Tuliishi uwanja mmoja, kila asubuhi namwamkia shikamoo mama, anaitikia marahaba huku anatazama pembeni, kisha anawasha mafiga yake matatu, anapika uji wake peke yake, mwanamke mzee mwenye macho yanayouma moshi. Anjela alikuwa anakwenda kwake na kurudi, yeye hakukatazwa. Mimi nilikuwa napika ugali, napakua na sahani ya bibi, naifunika, inalala, asubuhi nawapa kuku. Nilifanya hivyo kila siku. Kuacha kupakua ningekuwa nimekubali.

Nilikukasirikia wewe pia, nikuambie ukweli. Kwa nini hukuvuta ule mkia? Au uliuvuta na mkono ukakosa nguvu? Nilikuwa nakuuliza nikiwa shambani na jembe mkononi, kwa sauti, mpaka watu wakanihurumia.

Mvua zilizofuata, Petro, kijana wa mama mmoja wa kijiji cha Mutuka, akaazima mtumbwi akavue, ukapinduka. Mtumbwi ulipatikana. Petro hakupatikana. Walitafuta kwa mitumbwi, kwa miti mirefu, kwa nyavu za kuazima, hakuna. Unalijua lile ziwa, kuna sehemu lina mizizi na matope ambayo hayaachii kitu. Mama yake akawa anakuja kila asubuhi na shati la mtoto, anakaa kwenye majani, anatazama maji. Padre akamwombea Petro misa bila jeneza. Yule mama hakutaka misa, alitaka mtoto.

Wanawake wa huku walikwenda zamu kukaa naye. Siku moja mama yako akaenda. Aliondoka asubuhi na fimbo yake, akarudi mchana, na badala ya kwenda kwake akaja mpaka mlangoni pa jiko langu. Nilikuwa nakoroga mlenda. Akainama akaingia, akaketi kwenye kigoda chako. Mimi nikaendelea kukoroga.

"Nipe chakula," akasema.

Nikampakulia. Alikula polepole, bila kuinua macho, akamaliza, akanawa. Kisha akasema maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu mwingine.

"Mimi nina mahali pa kupalilia, Mama Anjela. Yule hana."

Basi. Hakuniomba radhi, na hakusema kamba haikuua. Alisimama akaenda kaburini kwako kung'oa majani. Nikamsikia anakuimbia kwa Kiiraqw chetu, wimbo wa kubembeleza mtoto. Nikakaa chini jikoni nikalia machozi yote niliyokuwa nimeyazuia, mpaka mlenda ukaungua.

Kesho yake aliniletea mkonge mbichi, mzigo mzima, na Boay nyuma yake ameinamisha kichwa kwa aibu. Boay alikuwa ameutengeneza ule mlango, anataka kuvua, maana watoto wake nao walikuwa na njaa. Mama yako akautupa mzigo miguuni pangu.

"Mfunge na huyu," akasema.

Nilimsokotea Boay, na kitambaa nikaweka, na fundo la kuachia. Alivua nayo mpaka maduka yalipoanza kuwa na vitu tena. Sasa ni mzee, anauza mbegu sokoni, na hawezi kusikia habari ya ziwa bila kubadilisha mazungumzo. Mama yako aliendelea kula kwangu mpaka mwisho wake. Alipozidiwa nilimlisha kwa kijiko, nikamwosha, nikamgeuza. Tulimlaza kulia kwako, nafikiri ndipo angependa. Nyumba nayo ilikwisha, mlango tukaweka wa chuma. Anjela ana watoto wakubwa, mmoja ana nyusi zako, hasikii la mtu.

Mpaka leo sijui kama kamba ilikuua. Wakati mwingine nasema pigo la kichwa, wakati mwingine nakumbuka matete yale uliyoyashika mara ya kwanza, na moyo unaniuma upya. Nimezeeka nikisubiri kujua na naona nitakufa hivi hivi. Ila ungekuja leo ukakaa, ukanyoosha mguu, ningepiga magoti nikakufunga tena. Sikuweza kukuzuia, uliona raha sana kule. Nilichotaka mimi ni urudi.

Na ulirudi. Boay alipokulaza kwenye majani, watu wakaniachia nikusogelee. Unajua kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina, na mimi tangu nilipoolewa sikuwahi kulitaja lako, na Anjela alipozaliwa nikakuita Baba Anjela. Siku ile nikainama kwenye sikio lako nikakuita Yohana. Nilidhani kwa kuwa hujawahi kulisikia kinywani mwangu, utashtuka uamke. Nikakuita tena, kwa nguvu, watu wote wakasikia.

Hukuitika.

Pumzika, mume wangu. Napalilia mimi siku hizi.

Mke wako,
Mama Anjela