Majina ya Kutuliza Tumbo

Jumamosi, 8 Juni 1996

Limerudi. Nilikuwa nainuka kwenye cherehani tumbo likanichoma upande wa kulia, chini kabisa, karibu na paja. Nikabaki nimeinama, mkono mezani, mdomo wazi. Halafu likaisha. Hivyo tu! Nikakaa tena nimalizie gauni la mke wa katekista, lakini mshono umepinda, itabidi nifumue.

Sijamwambia mtu. Hapa ukisema tumbo linauma, jibu wanalo tayari: nzoka. Kila mtu ana nzoka wake, wanasema, nyoka wa ndani anayehamahama, na wa mjamzito ndiye mkorofi kuliko wote. Mwaka jana walisema nzoka, nzoka, mpaka mtoto akatoka amekufa, nywele zimejaa kichwani. Wa kiume. Wanawake walimzika wenyewe, kando ya nyumba, penye unyevu, na mama mtu haonyeshwi mahali. Ndiyo desturi. Kwa hiyo nikifagia uani sijui nafagia juu ya nini. Pale kwenye majani mabichi nyuma ya bafu huwa nazunguka.

Tumbo hili la sasa lina miezi sita. Linacheza. Nataka lizaliwe hai. Sina ombi lingine kwa Mungu wala kwa mtu.

Jumatatu, 10 Juni

Mume wangu Joakim kaondoka asubuhi na baiskeli, godoro nyuma. Kampuni yao imempeleka Sapiwi kununua pamba ya huko kabla wenzao hawajaiwahi. Zamani mzani ulikuwa mmoja, wa ushirika, na karani mmoja mwenye kiburi. Sasa mbele ya nyumba yetu, ng'ambo ya njia tu, ipo mizani mitatu ya watu binafsi, na makarani wanagombania wakulima kama wapiga debe. Matusi kutwa nzima. Soko huria hilo!

Nimebaki na mama mkwe, mayu Milembe. Hanisemi vibaya. Ila ananiangalia tumbo kwanza, uso baadaye.

Jumatano, 19 Juni

Milembe kanikamata leo. Nilikuwa nainua ndoo, likanichoma, nikashika ukuta. Nikasema ni gesi, nimekula viazi. Wapi! Kanikalisha kwenye mkeka, kaweka kiganja pale panapouma, kafumba macho, kaanza kuwaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Anaita, anangoja. Anaita, anangoja.

"Nyanda? Ni wewe?" Kimya. Linauma vilevile. "Ng'washi? Wewe uliyekufa na surua, unataka nini kwa mtoto wa watu?" Linauma. "Nyanjige?"

Likaisha. Mara ile ile.

Milembe kapiga vigelegele mpaka makarani ng'ambo wakageuka. Kanieleza, huku machozi yanamtoka: marehemu akitaka jina lake lirudi humbana mjamzito tumboni, na ukimtambua anatulia. Nyanjige alikuwa mama mkwe wake yeye, bibi yake Joakim. Mkali! Milembe alimwogopa mpaka siku ya kumzika, na nadhani hata baadaye. Sasa mtoto ataitwa Nyanjige, na mimi nimefungwa shanga nyeupe kiunoni.

Nilitaka Flora. Lakini liliisha kweli. Nilikuwepo mimi.

Jumapili, 23 Juni

Kanisani. Wakati wa kupiga magoti likaniuma, upande wa kushoto safari hii. Padre anaendelea juu, mimi chini nanong'ona "Nyanjige, Nyanjige, nimekusikia bibi, tulia." Likatulia.

Nimepokea Komunyo hivyohivyo. Mungu anisamehe.

Jumanne, 2 Julai

Nimeanza kumsikia. Siyo sauti. Nakuwa nashona, naacha kukanyaga, na ninajua kuna mtu mlangoni ameacha kutembea wakati uleule. Nageuka — kuku tu. Jana nimesikia harufu ya ugoro chumbani, ugoro mbichi kabisa. Hakuna anayenusa ugoro nyumba hii.

Nimemwuliza Milembe: Nyanjige alikuwa akinusa ugoro? Akasema, sana, hata kwenye shuka zake. Akaongeza kwamba alishanieleza hilo zamani, wakati naolewa. Sikumbuki. Nimejaribu kukumbuka kutwa. Kama alinieleza, basi ni akili yangu. Kama hakunieleza, basi yumo humu ndani.

Naogopa. Naliandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Joakim alikuja Jumapili mchana, kala, kalala, kazungumzia pamba chafu.

Ijumaa, 5 Julai

Leo Nyanjige hakusaidia.

Nilikuwa peke yangu, Milembe kaenda Dutwa gulioni. Tumbo zima likakaza, likawa gumu kama ubao. Haliumi sana, linabana. Nikamwita Nyanjige mara mbili, tatu. Hapana. Nikaita Nyanda, Ng'washi, shangazi yangu wa Magu, wote ninaowajua walio chini ya ardhi. Hapana. Amebaki mmoja tu, na huyo hana jina. Hakuwahi kupewa.

Nikasema, "Wewe."

Likalegea taratibu, na ndani mtoto akapiga teke.

Nilitoka nje nikakaa juani, meno yanagongana. Makarani walikuwa wakimcheka mzee mmoja aliyeweka mawe kwenye lumbesa la pamba. Nikawaonea wivu wote, hata yule mzee.

Jumapili, 7 Julai

Sijamwambia Milembe. Sijamwambia Joakim. Natembea na mikono miwili tumboni. Nikiwa peke yangu nasema naye. Namwambia: kama ni wewe umerudi, safari hii usichoke njiani. Naona aibu kuandika hivi, mimi mwenye kidato cha nne.

Lakini nikimwita, anajibu.

Jumanne, 9 Julai

Kliniki Dutwa. Nimepanda lori la pamba, mbele kwa Marcelo dereva. Mtu mwema. Kila kwenye mashimo anasema "samahani mama kijacho," kama barabara kaichimba yeye.

Nesi Philomena kanipima, kasikiliza kwa ile koni yake, moyo wa mtoto upo sawa. Nikasema nina maumivu. Ya namna gani? Nikasema ya kuita majina. Sijui kwa nini nilisema hivyo! Nikamweleza yote isipokuwa la mwisho.

Hakucheka. Kanionyesha kwa vidole: mji wa mimba umeshikiliwa na kamba mbili, huku na huku, mtoto akikua zinavutwa, ukiinuka ghafla au ukigeuka zinachoma. Ukikaa zinaacha. Kuna kukaza kwa hovyo hovyo: tumbo linajizoeza, halina mpangilio, ukinywa maji na kulala kwa ubavu linaacha. Kuna gesi na choo kigumu, hilo tunalijua. Mkojo ukichoma au ukipata homa, uje. "Sasa wewe unachomwa, unakalishwa, unashikwa kwa upole, mtu anakuitia majina. Umeshapumzika! Hata akiita mbuzi wa zizini litaacha."

Halafu kanishika mkono kwa nguvu. La kuogopa, akasema, ni lile linaloanzia mgongoni likazunguka mbele, likaacha, likarudi, likaacha, likarudi, na kila likirudi limezidi. Au damu. Au maji. Au linalouma moja kwa moja bila kuachia. Hilo usilikalie. Panda chochote chenye magurudumu, nenda Bariadi hospitali.

Nikarudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Kasema vizuri.

Alhamisi, 11 Julai

Nimejaribu. Nimeinuka haraka kwa makusudi, likachoma, nikakaa, nikaita "Sufuria!" Likaacha. Mchana likakaza, nikalala kwa ubavu, nikaita "Mzani! Cherehani! Mke wa katekista!" Kwa mke wa katekista likaacha. Nimecheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia.

Halafu nikalia. Kama linaitika kwa sufuria, basi yeye hakuwemo. Siku zote zile nilikuwa nasema na gesi. Na mimi nilikuwa nimeshamzoea.

Jumamosi, 13 Julai

Nimegombana na Milembe. Nimemweleza habari ya kamba mbili. Kaendelea kuchambua mchele. Baadaye kasema: nesi ni mtoto wa juzi. Nikasema hata nikiita sufuria linaacha, mayu. Nilisema kwa kejeli, najua.

Hakupandisha sauti. Kasema yeye kazika watoto kabla ya Joakim, na kwa wote hao hakumwita mtu, alikaa tu anavumilia kwa sababu Nyanjige alimkataza kulia. Kwa Joakim ndiyo aliita. Joakim yupo. "Unataka nikae kimya tena, ng'wana wane, mwanangu?"

 Nikamwambia aite tu, haidhuru kitu.

Jumatano, 24 Julai

Siku nzuri. Mibano miwili mitatu, ya hovyo hovyo. Milembe kaita, ikaacha, kafurahi. Ugoro sijausikia tena. Shanga bado nimezivaa, zinabana kiunoni lakini kumwomba azifungue naona tabu.

Gauni tatu za kipaimara zimeisha. Mtoto anashuka upande wa kushoto kila nikila.

Jumatano, 31 Julai

Asubuhi nimeamka na mgongo. Nikadhani ni cherehani ya jana. Milembe kasikia nikiguna, kaja na mkeka wake.

Kaweka kiganja. "Nyanjige?" Likaacha. Tukatazamana, yeye anatabasamu. Nikanywa uji. Likarudi. "Nyanjige, tumeshakupa jina, unataka nini zaidi?" Likaacha. Likarudi. Akabadili: "Nyanda?" Likaacha. Hapo akashangaa. Likarudi. "Ng'washi?" Likaacha.

Kila jina linaitika leo!  Kasema hajawahi kuona. Kasema wamekuja wote, wamejaa humu, hajui yupi amtulize kwanza. Kaita wanawe, wale aliowazika bila kulia, kwa majina yao ambayo sijawahi kuyasikia, na kila mmoja akaitika. Alikuwa analia na anacheka. Na mimi — nakubali — nilikuwa nangoja afike kwa yule wangu. Nilitaka nione naye ataitika. Nilikaa asubuhi nzima nikingoja hilo, mgongo unakatika, jua limeshapanda.

 Kamaliza wote. Kaniuliza kwa upole, "Na yule wetu, tumwiteje?"

Ndipo nikakumbuka kidole cha Philomena kikizunguka kutoka mgongoni kuja mbele. Linaacha, linarudi. Linaacha, linarudi. Kila likirudi limezidi. Mimba haijafika hata miezi minane! Nikaenda chooni kujiangalia. Kuna damu. Siyo nyingi. Ipo.

Nikarudi nimeshika ukuta. Nikasema, "Mayu, mwite Marcelo."

Kanitazama kama nimerukwa akili. "Marcelo yu hai!"

"Ndiyo. Yu hai, lori liko pale ng'ambo linapakiwa. Mwite huyo."

Kasimama katikati ya chumba, kanga imemwanguka begani. Kisha katoka mbio. Sikujua anaweza kukimbia.

Nimelala kwa ubavu wa kushoto, naandika kwa tabu, ili nisilie. Limerudi. Limeacha. Nje wapakiaji wanaimba, marobota yanagonga bodi, na injini ya lori tayari inanguruma. Namsikia Milembe amefika njiani. Anaita Marcelo. Halafu ananyamaza, anangoja. Anaita tena, ananyamaza, anangoja — Mwenyezi Mungu, anamwita kwa ile sauti anayowaitia wafu, taratibu, chini chini, kama mtu aliye karibu. Hatasikia hivyo! Piga kelele, mayu! Nimejaribu kupaza sauti nimwambie, imetoka pumzi tu.

Limerudi. Anaita. Anangoja.

Lori linageuza, sijui linakuja huku au linaondoka.