Viti Vilivyohama Ukumbini

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Kiplombe tuko salama. Mahindi yamefika magotini na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza niliwapangaje wale mamia ya wanafunzi wa chuo walioanza biashara, kila mmoja na mfanyabiashara wa kumwongoza, kwa sababu nawe unaanzisha mpango kama huo huko Kigali. Ilikuwa mwaka uliofuata vita vya uchaguzi, makabila yalipopigana. Niliogopa, kwa hivyo nilisoma majina tu, nikampa kila mtoto mtu wa kabila lake.

Siku ya kwanza ukumbini, msichana anaitwa Wanjiru akabeba kiti chake, akaenda kukaa na Mzee Abdi, Msomali mwenye malori. Nikamkimbilia.

"Mbona umetoka kwa mtu wenu?"

"Mama, yule anauza nguo. Mimi nataka kupeleka viazi vya Ainabkoi hadi Lodwar."

Mzee Abdi hakunitazama. "Magunia mangapi?" akamuuliza.

Nikaangalia orodha yangu. Ilikuwa na jina la mtu na kwao. Hakukuwa na pahali pa kuandika anataka kufanya nini.

Nilipoinua macho, viti vilikuwa vinahama ukumbi mzima.

Na fomu yako wewe, inauliza nini kwanza?

Nyanya yako