Jino la Nyangumi Nililoliweka Rehani

Shangazi Unaisi mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, mimi ni mume wa mtu hapa Nausori, sinywi pombe wala sina nyumba ndogo, ila nilinunua sarafu za mtandaoni, zile zenye picha ya mbwa, na hela niliipata kwa kuweka rehani jino la nyangumi la ukoo wa mke wangu, alilotuachia baba mkwe tulitunze, nikasema sarafu zikipanda nalikomboa kabla mtu hajafungua kabati, na kweli zikapanda, binamu yangu Epeli akaniambia, "Ukiuza sasa utajuta, kaza roho," nikakaza roho, zikaporomoka, sasa simu naichungulia hata kanisani watu wakisali, mke wangu Litia anadhani nina mwanamke, jana kaniuliza, "Anaitwa nani huyo?" nikaitia simu mfukoni, na Jumamosi kaka zake wanakuja kulichukua jino waende nalo msibani kwa mjomba wao, nataka kuwaomba radhi kama desturi yetu inavyotaka, lakini Shangazi, radhi huombwa kwa jino, na jino ndilo hilo lililo rehani, je, kava ya kunywa nao peke yake haitoshi?

Josaia

Josaia mwanangu,

Haitoshi. Kava hufungua mazungumzo. Kuwaibia wakwe hakusafishwi na kava hata ukitwanga mizizi yake mwenyewe. Pole, nasema kwa dhati, kupoteza kunauma na aibu inauma zaidi. Lakini ulichopoteza ni cha watu. Na huyo Epeli aliyekuambia ukaze roho, muulize zake aliuza lini.

Leo hii uza sarafu zilizobaki. Zikipanda kesho bila wewe, usiniandikie. Ukishauza, nenda kwenye duka la rehani ukawasihi wasiliuze jino. Kisha zima simu, keti na Litia, mwambie yote kabla kaka zake hawajafika. Atakasirika, mwache akasirike. Angalau atajua mke mwenzake ni mbwa.

Hela isipotosha, nenda kwa kaka yako mkubwa, kaa chini mlangoni, umwombe jino la kwenu. Atakusema mpaka jasho likutoke, halafu atakupa, maana hataki mdogo wake asimame mbele ya wakwe mikono mitupu.

Najua bado unawaza kwamba sarafu itapanda tena. Jino lile limekaa kabatini miaka yote bila kupanda wala kushuka, na ndilo lililokuwa kitu pekee mle nyumbani cha kukuombea msamaha.