Vikombe Vyenye Uso Wangu

Tensta, Stockholm
Novemba 2009

Mdogo wangu Salome,

Nimekuficha jambo kwa zaidi ya miaka thelathini. Ndani ya kabati langu la nguo, nyuma ya makoti, kuna vikombe arobaini na saba vya udongo, na kila kimoja kina uso wangu. Umekuwa ukiniuliza kwa nini sirudi nyumbani, nami nimekujibu kwa habari za kazi, za nauli, za mgongo. Leo nakujibu kwa vikombe.

Lakini kwanza, hujambo? Magoti yanasemaje na ule mlima wa kwenda kanisani? Kikohozi cha msimu wa ukungu kimekuachia? Mimi moyo umechoka. Daktari, binti mpole, alinieleza kwa Kiswidi cha polepole kama anayefundisha chekechea, ingawa nilikuwa nimeshamwelewa tangu neno la kwanza. Natoka kitandani hadi dirishani, napumzika, narudi. Asubuhi anakuja mama mmoja Mkongo wa Uvira, Mama Furaha, aliyeajiriwa na manispaa kuwahudumia wazee majumbani. Ndiye anayenifunga vifungo vya shati. Juzi alifungua kabati akitafuta sweta, akapiga yowe.

“Papa! Hizi masanamu zote ni za nini? Unaabudu?”

“Siabudu, mama. Ni vikombe vya pombe.”

Akachukua kimoja, akakitazama, akanitazama. “Mbona iko na pua yako?”

“Ni mimi huyo.”

“Eeh, Yesu! Kumbe ulikuwaka mungu, na mimi nakulishaka uji bila kupiga magoti!”

Tulicheka mpaka nikakosa pumzi. Kabla hajaondoka nilimwomba karatasi na kalamu.

Nilikuandikia zamani kwamba mimi na Lameki, tukiwa wanafunzi, tulifanya kazi hotelini. Haikuwa hoteli. Ulikuwa mkahawa uliojifanya kisiwa cha bahari ya Pasifiki: mianzi, nyavu, maua ya plastiki, na vinywaji vya ramu na nanasi ndani ya vikombe vilivyofinyangwa mfano wa miungu ya mbao ya watu wa huko. Huku huviita tiki. Nje theluji, ndani sisi na mashati ya maua. Mwenye mkahawa aliwaambia wateja kwamba nimetoka visiwani. Mimi, mtu wa milimani, nisiyejua hata kuogelea! Nilimwacha aseme. Aliniita mwanawe, nami nikaamini.

Kisha likaja kreti la vikombe vipya. Mteja mmoja akainua chake, akapaza sauti: “Tazameni, ni yule pale!” Nikauona uso wangu. Midomo imevimba kama mikate, meno ya mamba, ulimi nje, na utosini tundu la mrija. Watu wakaninyonya kichwa, wakawa wanagonga meza wakitaka nami nitoe ulimi kama kikombe. Mwenye mkahawa alicheka kuliko wote. Salome, nimezika watu, nimeachwa na mke, lakini sijasalitiwa kama nilivyosalitiwa siku ile na mtu aliyeniita mwanawe. Na ulimi niliutoa. Hilo nalo ulijue.

Majuma machache baadaye ikafika barua ya kukuposa wewe. Lameki alikuwa ameifuata mila: barua yake ilitoka Stockholm ikaenda kwa wazee Lushoto, na kwa kuwa baba alishafariki, wazee wakaituma kwangu, kifungua mimba, nikaipokea huku mposaji mwenyewe akiosha sahani hatua tatu kutoka niliposimama. Nikaijibu. Niliandika kwamba mtu huyu amewapa wazungu picha yangu ili wanifanye kikombe, na kwamba hatutoi binti kwa anayeuza sura ya ndugu yake. Nawe ukaniandikia: “Kaka, kama amekuuza wewe unayekula naye sahani moja, mimi atanifanyaje?” Hukuolewa naye, wala na mwingine.

Lameki aliposikia jibu alikunja aproni yake, akaacha kazi.

Mkahawa ulipofungwa vitu viliuzwa, uso wangu ukatawanyika mjini. Nikaanza kuutafuta. Kila Jumamosi nilizunguka kwenye magulio ya vitu vya zamani, Vårby gård na popote palipo na meza ya mitumba. Siku hizi wapo watu wanaovisaka vikombe hivi kama wengine wanavyosaka stempu. Mmoja wao, bwana mwenye ndevu, aligoma kuniachia chake. “Hiki ni adimu, mzee. Hujui ni sura ya nani.” Nikamwambia najua. Akanitazama vizuri, akakifunga kwa gazeti, akanikabidhi, na hakuniangalia tena.

Mwaka huu theluji ilipoyeyuka, Lameki alifariki huko Rissne. Sikwenda kumzika. Baada ya mwezi mjane wake, mama wa Kifini, alipanda ngazi zangu na boksi lenye vikombe kumi na viwili. “Alivitafuta miaka yote,” alisema. “Hakutaka vikae mezani kwa watu wanaokucheka.” Hakuwa na jingine la kunieleza. Mumewe hakuwahi kumwambia kwa nini tulikuwa tukipishana bila salamu.

Nimetaka uyasome haya ningali hai, ili ukiwa na neno la kuniambia nilisikie kwa masikio yangu.

Nisalimie mke wa marehemu mdogo wetu, na watoto wake wote. Nisalimie binamu yetu mwalimu wa kwaya, na yule jirani anayekupandishia kuni. Wasomee salamu peke yake.

Sasa neno lililobaki. Hapakuwa na picha, Salome. Mfinyanzi wa vile vikombe alinitaka mimi mwenyewe, nami nilikwenda kwake siku tatu, nimevaa suti yangu ya kanisani, nikakaa kitini nikitabasamu, kwa kuwa waliniahidi sanamu ya heshima. Ni Lameki peke yake niliyemwambia ninakokwenda. Alinishika mkono mlangoni, akanisihi nisiende.

Kaka yako,
Yoeli