Visogo Mia Mbili na Kumi na Nne

Wewe, unajua hakuna simu safi kama yangu ukoo mzima. Sina takataka hata moja!

Sasa leo mtoto wa dada kainuka sebuleni, kaanza hatua zake za kwanza. Dada akapiga kelele: "Mjomba, rekodi!" Nabonyeza, simu inasema imejaa.

IMEJAA!

"Futa chochote!" Nafungua picha: visogo vyangu 214. Kila nikinyolewa napiga kimoja, nije nimwonyeshe kinyozi.

Nikaanza kuchagua. Kuchagua, ndugu yangu! Hiki kimechongwa, hiki kina historia...

Mtoto kafika kwenye kochi, kakaa.

"Umepata?" Dada machozi ya furaha yanamlenga.

"Yote! Nakutumia sasa hivi."

Mama, nyuma ya bega langu: "Atakutumia kisogo."