Baiskeli Isiyo na Mzigo

Dada Zawadi, amahoro, yaani amani, kama wasalimianavyo hapa.

Huku Rumonge petroli imekosekana, hivyo hakuna lori la kujishikiza nyuma tukipanda mlima. Leo nilisukuma baiskeli yenye bidoni za mafuta ya mawese, nikihofia soko litavunjika kabla sijafika. Mzungu mwenye baiskeli tupu akanikuta.

"Patron, unapeleka nini?" nikamwuliza.

"Sina kitu. Nimetoka milima ya volkano, Rwanda. Napenda barabara zenye utulivu."

"Utulivu huo ndio unaniua! Sukuma basi!"

Akasukuma kweli kwa mkono mmoja, mwingine ukishika baiskeli yake, tukawahi soko. Kisha akanipa baiskeli yake niijaribu. Nilipanda hadi kileleni bila mzigo, bila sababu, nikaona milima ya kwetu Fizi ng'ambo ya ziwa. Nilikupungia mkono, Dada. Mungu akulinde wewe pamoja na watoto.

Nduguyo, Bahati